Kapeti ya Kanisa Letu

Mimi ni mwalimu wa hesabu Njoro. Mama mchungaji aliniagiza kapeti ya kanisa jipya: mzunguko wa ndani ni mita arobaini, na urefu unazidi upana kwa mita nne. Nikauita upana x, nikajumlisha x na x+4 kuwa arobaini, nikapata upana kumi na nane, urefu ishirini na mbili.

Muuzaji wa Nakuru aliuliza kama nina hakika.

"Boss, mimi hufundisha hesabu."

Jumamosi tuliikunjua pamoja na wanakwaya. Ilijaa kanisa, ikapanda kuta, ikatoka mlangoni hadi kwenye nyasi.

Mama mchungaji alizunguka akigusa kuta. "Moja, mbili, tatu, nne. Mwalimu, wewe ulihesabu ngapi?"

Wanakwaya, wengi wao wanafunzi wangu, walinigeukia.

"Mbili," nikasema.