Ukipanda, Goti Linauma?

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya fizio, tiba ya viungo, katika hospitali ya Marani, mkuu wa idara hakunionyesha hata kitanda cha wagonjwa. Alinionyesha foleni. "Unawaona hao? Nusu yao wanatafuta barua ya kazi nyepesi. Ukiamini kila goti, utalia." Nikalishika neno lake. Hata leo mjukuu akisema tumbo linamuuma, kwanza namkagua macho.

Nilipohamishiwa Nyamira, akaja Moraa, mchuma chai. Mnyapara alikuwa amempa mpaka Ijumaa: alete barua ahamishiwe kwenye mizani ya majani, ama aache kazi. Picha ya eksirei ilikuwa safi. Vijana, msidanganywe na picha. Maumivu ya pia ya goti, kile kifupa kinachoteleza mbele, mara nyingi hayaonekani humo. Nililijua hilo, lakini nilikuwa nawinda mwongo.

"Ukipanda, linauma?"

"Sana, Daktari! Najikaza tu."

Alipotoka nikachungulia dirishani. Ala! Mama alipanda mlima wa kwao mbiombio, mkungu wa ndizi kichwani. Nikaandika, "Anafaa kwa kazi yote," nikatuma barua kwa mnyapara siku hiyo hiyo.

Kesho yake nikamwona akiushuka mlima ule ule kiupandeupande, ameshika nyasi, uso umekunjamana. Nikamkimbilia.

"Si ulisema ukipanda ndipo unaumia?"

"Nikipanda maharagwe, Daktari. Nikichuchumaa shambani. Na nikishuka. Kushuka hukuniuliza."

Yarabi, aibu niliyoipata! Nikaandika barua nyingine, mkuu wa hospitali akakataa kuitia sahihi. "Goti moja, barua mbili? Huyo mama amekupa nini?" Ijumaa Moraa akafutwa kazi.

Nikamtibu nilivyopaswa tangu mwanzo. Kukanda kwa mafuta peke yake hakutoshi. Misuli ya paja na nyonga ndiyo inayoiongoza ile pia, kwa hiyo tukaikaza: kuinuka kitini polepole, kushuka kidato kimoja kimoja. Ilichukua miezi. Siku moja akaja akishuka mlima akitazama mbele, hatua imara, nikapiga makofi kama mtoto.

"Moraa, umepona kabisa!"

"Nimepona, Daktari," akasema, bila kutabasamu. "Sasa barua ya hiyo utamwandikia nani?"

Nimestaafu na swali hilo.