Gari Lililopita Juu ya Karafuu

Mimi hata homa ya kusingizia ili nisiende skuli siiwezi. Mama akinitazama tu, uongo wenyewe unanitoka machoni. Kwa hiyo asije mtu akanambia kisa hiki nimekitunga. Nilikiona jua likiwa utosini, nimeshiba, sina homa, wala sikuwa nimelala. Na sikukiona peke yangu. Kamuulize Makame wa Tumbe, yule mwenye gari la samaki. Atacheka kwanza, halafu ataacha kucheka.

Sisi tunakaa Wingwi, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, kando ya barabara ya vumbi. Ulikuwa msimu wa karafuu na skuli zimefungwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo chini ya ukuti wa paa, nilinde karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi zisiliwe na mbuzi, na kila mara nizigeuze kwa mkono. Kazi hiyo naipenda. Karafuu hazikuulizi kitu.

Mimi nina haya, lazima niseme. Si haya za kujivunga. Mgeni akifika, macho yangu yanashuka chini yenyewe, na sauti inakimbilia tumboni. Bibi husema nazijua nyayo za watu wa Wingwi kuliko nyuso zao. Ni kweli. Nitakwambia nani kapita kwa kutazama vidole.

Basi mwaka ule ami yangu, Khatibu, mdogo wake baba, alikuwa amerudi kutoka Omani kuja kuoa. Mchumba wake yuko Wete. Kule Maskati, ami alikuwa na kazi ya kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli kubwa. Magari ya matajiri kayashika yote, lakini kutoka mlangoni mpaka kivulini, basi. Alinambia siku moja tukichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu: "Mwanangu, gari linalokwenda kama upepo, nami siku zote naliendesha kama mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa."

Ndiyo maana alilitaka. Alilitaka gari la mbio, la kifahari, lakini la milango minne, ili bi harusi akae mbele na bibi akae nyuma kama malkia. Alishawaambia madalali wa Wete wamtafutie. Picha zake alikuwa nazo kwenye simu, na kila baada ya sala ya alasiri barazani kwetu palikuwa na baraza la gari hilo.

"Yakhe, sikiliza," Makame alikuwa akimwambia, "gari hilo tumbo lake liko chini kama kenge. Hapo kwenye mashimo ya njia panda utaliacha tumbo, kichwa kitafika Wete."

"Nitakwenda polepole."

"Ukenda polepole si bora ununue punda? Punda naye ana miguu minne."

Watu wakaangua kicheko. Ami naye akacheka, lakini akasema, "Weye hujui, Makame. Ndugu zake bi harusi washaniuliza kama dada yao tutamchukua kwa gari la ng'ombe."

"Na ng'ombe ana kosa gani? Na likiharibika, kifaa utakipata wapi? Kwenye tundu la kaa?"

Walibishana hivyo siku nyingi. Mafuta linakula, huku hakuna barabara ya kukimbilia, mvua ikinyesha litazama. Lakini zuri, jamani. Hata mimi nikiiona ile picha nilikuwa nasahau kupumua. Kama unauliza linafaa au halifai, akili ilisema halifai na moyo ukasema ngoja kwanza.

Sasa sikia jambo lililokuwa likinikosesha usingizi. Ami hakuwa na fedha za gari hilo. Kulikuwa na shamba la mikarafuu la bibi, lililopandwa na marehemu babu. Ndilo linalotulisha. Na ndani yake upo mkarafuu wangu, babu aliupanda siku niliyozaliwa. Bibi anampenda ami kupita kiasi, ni kitinda mimba wake. Akamwambia mbele yetu sote, "Khatibu, moyo wako ukilitaka, toa shamba. Mie mzee, nikiwa kaburini nitachuma karafuu gani?"

Niliinamisha kichwa. Nilitaka kusema, bibi usitoe. Sauti haikutoka. Ningewezaje, mbele ya wanaume wote wale?

Siku yenyewe wanaume walikuwa msikitini, adhuhuri. Mama kenda bondeni kupalilia mpunga. Bibi alikuwa ndani anasali. Niko na fimbo yangu, barabara tupu, kuku wote wamejificha kwa joto. Nikainua macho, gari liko mbele yangu.

Sikulisikia likija. Sijui kama unanielewa. Kwetu gari la Makame likitoka Tumbe tunalisikia kabla halijafika, mpaka watoto wanalitaja jina. Hili lilikuwa halipo, kisha likawepo. Jeusi, refu, milango minne, linang'aa kama maji ya kisima ukichungulia. Lile lile la kwenye simu ya ami!

Kioo kikashuka. Mwanamume, kanzu nyeupe, kofia ya viua. Hakutoa salamu. Hapa kwetu hata mtu mliyegombana naye atakutolea salamu kwanza ndiyo akutukane. Yeye akasema tu, "Mwenyewe yuko wapi?"

Mimi macho yangu yakashuka chini, kama kawaida yake. Nikaonyesha kwa fimbo upande wa msikiti.

Akasogeza gari ili likae kwenye kivuli cha nyumba. Na njiani pale palikuwa na jamvi langu. Nikauma meno, maana karafuu kavu ukizikanyaga hata kwa mguu mtupu zinalia, ta-ta-ta, na harufu inapanda mpaka puani. Mbuzi mmoja akipita, nyumba nzima inajua. Nikangojea mlio. Tairi la mbele likapita juu ya jamvi. La nyuma likapita. Kimya. Nikangojea harufu. Hakuna.

Nikatazama mahali tairi lilipopita. Niamini ndugu yangu, hata karafuu moja haikuvunjika. Hata moja haikugeuka upande. Vumbi la barabarani nalo halikuwa na alama.

Watu wakirudi msikitini walilizunguka gari kama nzi na embe. Walidhani limeletwa na dalali wa Wete. Ami alisimama mbali kidogo, mkono kifuani, kama mtu aliyekutana na rafiki aliyedhani amekufa. Nilimwonea huruma, wallahi. Kisha akasogea, akaligusa boneti. Akauondoa mkono, akautazama, akaurudisha tena.

"Lina baridi," akasema. "Limetoka Wete kwenye jua hili, na ni baridi kama mtungi!"

"Ndiyo uzuri wake," yule mtu akasema. "Ingia ukae."

Yule mtu akajisogeza kiti cha pili, ami akaingia. Akashika usukani. Uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya Idi. Makame peke yake ndiye aliyeendelea na mdomo wake: "Mheshimiwa, samaki tutawatia wapi humo, nyuma ya sikio?" Lakini hata yeye alikuwa akilipapasa kwa macho.

Yule mtu hakushuka. Aliletewa kahawa, akaikataa. Watu huniuliza, "Na miguu je, ilikuwa ya mtu au ya mnyama?" Sikuiona, nami sitasema nisichokiona. Niliona mikono tu, myeupe viganja, haina mstari hata mmoja.

Akasema hataki fedha. Anataka shamba. Na wala hataki maneno mengi: bibi aseme tu mbele ya watu kuwa ametoa, na ami aseme amepokea, kabla ya adhana ya alasiri, kwa kuwa ana safari.

Ami akashuka kumwita bibi, na yule mtu akarudi kwenye usukani. Bibi masikio yake yamechoka, lazima umpigie kelele. Akatoka na mkongojo wake, akalitazama lile gari, akacheka. "Lina milango minne, na mie hata mmoja siwezi kuinama nikaingia. Lakini limempendeza mwanangu." Kisha akasema, "Ngoja kwanza nikatie moto chetezo. Kitu kipya hakiingii kwangu bila ya buhuri."

Hiyo ni desturi yetu. Kitanda kipya, nguo ya harusi, hata redio, bibi ataifukiza kwanza kwa moshi wa buhuri ya kunukia, apite na chetezo chake cha makaa akisoma dua. Hakuwa na shaka na mtu yeyote. Ni mazoea yake tu.

"Moshi utaharibu rangi," yule mtu akasema, upesi upesi. "Aseme kwanza, moshi baadaye."

Bibi hakusikia. "Asemaje?" akauliza. Ami akamkaribia, akamsemea sikioni kwa sauti, "Anasema useme kwanza kuwa umetoa shamba!"

"Ah! Hilo tu?" bibi akasema, akafungua mdomo.

Hapo ndipo mimi. Nilikuwa nimeokota karafuu za pale tairi lilipopita, nimezifumbata kwenye kiganja zikilowa jasho. Nilishamvuta ami nguo, kaniondoa mkono kama anavyofukuza nzi. Bibi nisingeweza kumnong'oneza, hasikii. Kwa hiyo palikuwa na njia moja tu, na ilikuwa njia mbaya kuliko zote kwangu. Nilipiga kelele.

"Bibi, usiseme! Gari hili halina uzito! Limepita juu ya karafuu na hazikulia!"

Wanaume wote wakanigeukia. Wengine walikuwa hawajapata kuisikia sauti yangu tangu nizaliwe. Makame akasema, "Kumbe huyu anasema!" na watu wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ami hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kile kiganja chake kilichogusa boneti. Akaja mpaka kwenye jamvi, akavua kiatu, akaweka mguu. Ta-ta-ta. Lakini harufu? Akainama, akanusa. Hakuna kitu. Akasogea jamvi la pili, akakanyaga, na harufu ikatupiga sote usoni, harufu yetu ya siku zote.

Kicheko kikakatika.

"Bwana," ami akasema, "hebu rudi nyuma kidogo, upite tena hapa. Tusikie."

Yule mtu akanitazama mimi. Mara moja tu, nikanyanyua macho yangu nikamtazama. Usiniulize uso ulikuwaje. Ulikuwa mzuri, na nilipoufumbia macho sikuukumbuka. Hata sasa siukumbuki.

Bibi, ambaye katika kelele zile alishika "usiseme" tu akajiendea ndani kutia makaa, akatokea na chetezo, moshi umetanda, midomo yake inasoma. "Haya, nipisheni nilifukize gari la mwanangu!"

Kioo kikapanda. Gari likarudi nyuma, likapita juu ya jamvi lile lile, kimya, likashika njia. Lakini halikushika njia ya Wete. Lilipinda kwenye kijia cha bondeni, kile ambacho hata baiskeli tunaibeba begani. Makame ana kichwa kigumu, akarukia gari lake la samaki akalifuata mpaka matope yalipomzuia. Aliwakuta kina mama wanapalilia mpunga, mama yangu akiwa miongoni mwao. Hawakuona gari. Hawakusikia gari. Mama alisema alihisi baridi mgongoni kidogo, akadhani mvua inakuja.

Ami akampigia simu dalali wa Wete. "Gari gani?" dalali akauliza. "Mie bado nakutafutia."

Jioni ile ami alikaa na mimi majamvini, tukazigeuza karafuu pamoja. Akasema, "Nilipokaa mle ndani, mwanangu, sikusikia harufu ya kitu. Hata ya jasho langu mwenyewe." Kisha, akigeuza konzi nyingine, "Lakini usukani ulikuwa mwepesi!" Tukacheka mpaka bibi akauliza kuna nini.

Harusi ilifanyika. Bi harusi tulimchukua kwa gari la Makame, limeoshwa kwa sabuni na ndimu, limepambwa asumini mpaka kwenye kioo, na bado lilinuka dagaa. Ndugu zake walicheka, bi harusi akacheka zaidi yao. Bibi alikaa mbele, mguu juu, kama aliyelinunua yeye. Sijapata kumwona ami na furaha ile. Shamba lipo. Mkarafuu wangu msimu huu umezaa mpaka matawi yameinama.

Ila zile karafuu za jamvi lile, mpaka leo, hazinuki. Ukizitazama ni nzuri, nyekundu, zina vichwa vyote. Ukizitafuna ni kama kutafuna kijiti. Bibi alikataa zisipelekwe kituoni zikauzwe, akasema mnunuzi atakuwa amedhulumiwa. Ziko ndani ya chupa, juu ya kabati. Wageni wakija huzinusa, kisha hunigeukia mimi niwasimulie, nami nasimulia. Kwa shida, lakini nasimulia. Ami akiona gari lolote zuri kwenye simu hunionyesha: "Fundi, unasemaje, linafaa?"

Na wewe unayesoma, labda kuna siku utaletewa kitu ulichokitamani miaka mingi, kinang'aa, na mwenyewe ana haraka. Usikitazame usoni kama wanavyofanya wote. Muulize kwanza mbona hakutoa salamu. Tandika jamvi mlangoni, mwagia karafuu kavu, mwambie apite. Zikilia, kaa naye mpatane bei kama watu. Zikinyamaza, funga mlango, na umwite bibi yako aje na chetezo.