Sheria ya Kiingereza Inaishia Getini

Juma lililopita nilikuwa ofisini katika mojawapo ya shule hizi mpya za Kiingereza hapa Makambako, nikiulizia nafasi ya mpwa wangu. Bibi mmoja alikuwa amekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu wake wa darasa la kwanza, na mwalimu wake akamleta mtoto ofisini.

"Kamwene," bibi akamsalimu kwa Kibena.

Mtoto akapiga goti, lakini hakuitikia. Alimtazama mwalimu.

"Hapa ni Kiingereza tu, bibi," mwalimu akasema kwa upole. "Akichanganya lugha hatashika chochote. Na huyu tayari yuko nyuma. Nikimwita ananitazama tu."

Mtoto akafungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa. Machozi yakamlengalenga.

"Huyu ana jambo," bibi akasema. "Mwalimu, sheria yenu inaishia wapi?"

"Getini."

Bibi akamshika mjukuu mkono, wakatoka nje ya geti. Hapo Kibena kikamwagika kinywani mwa mtoto, huku akishika sikio. Mwalimu, Mbena mwenyewe, alisikiliza akiwa upande wa ndani, kisha naye akavuka.

"Kamwene, bibi," akasema, huku akichuchumaa kumwangalia mtoto sikio. Lilikuwa linatoa usaha. Ndiyo maana alikuwa hasikii akiitwa.

Walikwenda zahanati wote watatu. Nafasi ile bado naitaka, maana Kiingereza ni kitu kizuri. Ila nimemwambia dada yangu kwamba, kabla ya nyimbo na salamu, amfundishe mwanawe kusema kwa Kiingereza, "Sikio linaniuma."