Makande ya Jumamosi

Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari hapa Same mjini, nasubiri kutoa kopi vyeti vyangu vya semina za uongozi. Mbele yangu alikaa bibi mmoja aliyeshuka kutoka milimani na mwanawe wa kiume. Mume wa bibi ametimiza mwaka tangu afariki, nao walikuja kuchapisha wasifu wake, usomwe kwenye ibada ya shukrani.

Mwana alisoma, dada wa kompyuta akachapa: mkulima wa tangawizi, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, babu wa wajukuu kumi na tisa.

Bibi akagonga meza kwa kidole. "Andika na makande."

"Makande gani, mama?" mwana akauliza.

"Ya Jumamosi. Mimi nikienda kwaya, baba yako anabaki jikoni na wajukuu. Nikirudi nakuta ameshapika."

Mwana akamwinamia. "Mama, mzee wa kanisa na sufuria? Watu watacheka."

"Wacheke. Hata mwenyewe alikuwa anacheka, maana yalikuwa yanaungua kila mara. Na tulikula."

Dada akaacha kuchapa. "Sasa bibi, niyaweke wapi? Kuna kuzaliwa, elimu, kazi na uongozi."

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Kwenye uongozi."

Nikaitazama bahasha yangu ya vyeti, nikaikunja.

Jioni niliroweka mahindi na maharage ya makande. Mke wangu akanishika paji la uso, kupima kama nina homa.