Hita ya Boti ya Baba

Ukimwambia fundi wa Dar es Salaam kwamba unatafuta hita, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, anakuangalia usoni kwanza. Magari yanaposhuka bandarini yanakuja nazo, na sisi kazi yetu ni kuziziba: mpira wa maji unaunganishwa na mwenzake, basi. Nani ana shida na joto hapa? Mimi ni fundi wa magari Tabata, mwanamke pekee kwenye gereji yetu, na nimeziba hita nyingi kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo nilipochomoa moja kwenye basi dogo lililokatwa spea, wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Sista, unahamia kwenye baridi ya Makete nini?"

Hita ilikuwa ya baba yangu.

Figo za Baba zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, na kila alipotoka alitetemeka, hata Februari, sisi wengine tukijipepea na vifuniko vya ndoo. Alilala na makoti mawili. Na bado kulikuwa na jambo moja alilolitaka: kufika kisiwani alikozaliwa, akaombe dua kwenye kaburi la mama yake kabla hajamfuata. Boti alikuwa nayo, ile aliyobebea mizigo ya watu miaka yote, imefungwa Mtoni Kijichi. Kilichomshinda ni baridi ya baharini.

"Mie nilikuwaga nashinda majini na singlendi," aliniambia. "Sasa hivi upepo wa feni tu unanitoa machozi."

Nikamwambia joto nitamletea humo humo botini.

Injini ya boti ina maji matamu yanayozunguka ndani yake, na maji ya chumvi yanapita pembeni kuyapooza. Ukiyachepusha yale matamu yakiwa ya moto, ukayapitisha kwenye hita, feni ikapuliza, chumba kinapata joto la bure. Nilikata mipira miwili, nikaweka viungo, nikavuta mabomba chini ya sakafu mpaka chumba cha usukani, nikaifunga hita karibu na miguu ya kiti chake. Klipu za mipira nilizikaza mpaka vidole vikavimba. Nikawasha injini, nikaweka kiganja: joto. Ilikuwa saa saba mchana na chumba kimeokwa na jua tangu asubuhi; hata kopo la rangi lingekuwa na joto mle ndani. Hilo sikulifikiria.

Tuliondoka alfajiri moja ya mwezi wa saba, kusi ikivuma. Mimi usukani, Baba kando yangu na makoti yake mawili na blanketi magotini. Tulipoingia bahari kubwa nikawasha feni. Alipeleka mikono mbele ya ule upepo, akaiacha pale kwa muda, kisha akaniangalia.

"Baba, joto linatosha?"

"Linatosha mno, mwanangu. Punguza kidogo, usije ukanipika."

Nilicheka kwa sauti, nikapunguza. Njia nzima nilimsimulia nilivyopitisha mabomba yangu, najisifu bila haya, naye anaitikia, "Fundi. Fundi kweli wewe."

Kisiwani ndugu walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka makaburini. Aliomba dua, akasema turudi. Nilipomshika mkono kumpandisha botini ulikuwa wa baridi kabisa. Nikasema ni ugonjwa. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Baada ya arobaini ndugu walitaka boti iuzwe, nikaenda kuikagua. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, chumba kimepoa. Niliwasha injini, nikasubiri, hita ikapuliza kijiupepo kisichofika hata uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Nikafuata mipira mpaka kichwa cha injini, nikafungua sehemu inapokaa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ishike moto. Palikuwa patupu; bila hicho maji hayashiki moto, na hita haina joto la kupuliza.

Haikuibwa. Niliitoa mimi, mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, injini ilipochemsha mara moja. Ndivyo tufanyavyo hapa, tunaitoa na kuitupa. Baba alikuja juu siku ile. "Injini nayo inataka joto lake," alisema. Nikamjibu kwa kiburi, "Kwani hapa Ulaya, Baba?" Akaniacha. Mimi nikasahau, yeye hakusahau. Alipoweka mikono mbele ya feni alijua pale pale kosa ni lipi na ni la nani, na mbele yetu kulikuwa na saa nyingi za bahari. Akaniambia nipunguze.

Nililia juu ya injini ile, na hasira nilikuwa nazo, nikimgombeza kana kwamba yupo: ungesema, Baba, ningegeuza boti. Ningegeuza kweli, na kaburi asingeliona. Sijui alininyamazia kwa ajili ya mama yake au kwa ajili yangu. Naumia vyovyote vile.

Kesho yake nilinunua themostati mpya, nikaifunga. Injini ikashika moto, hita ikapuliza joto lenyewe, la kukausha midomo. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake, jasho likinitiririka mpaka machoni.

Sikupunguza.