Mahindi Yaliyojiotea Kwenye Karanga Zangu

Sogeza kigoda karibu, msikilizaji wangu, na kama mikono yako haina kazi, chukua karanga hizi umenye huku nikikusimulia. Lazima nianze na kiduha. Usipokijua kiduha utadhani mimi na baba mkwe wangu tuligombania mahindi tu.

Kiduha ni gugu dogo lenye maua ya zambarau, mazuri kiasi kwamba mgeni anaweza kuyachuma akampelekea mchumba. Lakini chini ya udongo kinajishika kwenye mizizi ya mahindi, mtama au ulezi, na kunyonya. Hindi linabaki fupi, la manjano, kama mtu aliyelala na homa. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja nafaka. Dawa mojawapo ni kukilaza njaa. Unapumzisha nafaka, unapanda karanga. Mizizi ya karanga inakiamsha kiduha, kinaamka, kinatafuta mzizi wa hindi, hakipati, kinakufa. Ni kama mtu aliyefuata harufu ya nyama choma hadi mlangoni kwako, akakuta anayechoma ni jirani, na jirani amefunga mlango.

Shamba letu la bondeni, huku Gorong'a, ndilo lililotupa ugali, na kiduha kilikuwa kimelikamata. Nikapanda karanga shamba zima. Karanga hizo zisipofanya kazi yake, mwaka wa mbele watoto wangekula mahindi ya kununua, na ilikuwa miaka ya dhahabu: kila gari lililoelekea machimboni lilikuwa limebeba chakula, na bei ilipanda nalo.

Kosa lilikuwa limefanyika tangu mavuno. Wanaume walikuwa machimboni, mume wangu akiwa mmoja wao. Mnunuzi akaleta gari hadi shambani, akataka mahindi yaliyopukuchuliwa, tena haraka, injini ikinguruma. Badala ya kuyabeba hadi nyumbani, sisi wanawake tukayapiga kwa fimbo palepale. Punje ziliruka kama panzi.

"Kuku wataziokota," mama mkwe akasema.

Kuku waliokota wakashiba, wakaacha. Mvua iliponyesha, mahindi yakajiotea katikati ya karanga zangu, mengine kwa mafungu kama nywele za mtoto asiyechanwa.

Siku ya palizi nilikuwa nimeng'oa machache tu baba mkwe alipotokea kutoka machimboni, mgongo umegoma.

Hapa nikueleze adabu ya kwetu. Mke na baba wa mumewe hawapeani mkono wala hawakai karibu. Kumbishia usoni ni aibu. Kwa hiyo ukiwa na neno zito, unaliambia kitu kingine, naye anasikia.

"Shikamoo, baba," nilisema nikiwa mbali, macho chini.

"Marahaba. Hayo mahindi yamekosa nini?"

Nikamgeukia jogoo aliyekuwa akichakura pembeni. "Jogoo, mahindi haya hayakualikwa. Yanalisha kiduha. Yakibaki, karanga zote hizi ni kazi bure."

Mzee naye akamtazama jogoo, akamwita mura, yaani kijana. "Mura, mwambie mama wa wajukuu wangu kwamba nimeshinda chini ya shimo, ndani ya duara, nikitafuta kitu ambacho ardhi imekitoa yenyewe bila kupandwa. Leo nimekikuta nyumbani. Halafu mtu anaking'oa?"

"Jogoo, dhahabu hainyonywi na kiduha."

"Mura, mwambie chakula ni chakula. Hakiulizwi nani alikipanda."

Jogoo akameza mdudu, akaondoka zake.

"Hata yeye mmemchosha," mama mkwe akasema.

Basi palizi ya mahindi ikapigwa marufuku. Mzee akaweka kigoda mwisho wa shamba akalinda, kama mwenye duara anavyolinda mwamba wake wa dhahabu. Nilichoweza ni kung'oa yale yaliyojificha nyuma ya kichuguu. Siku moja akamwambia jogoo, kwa sauti ya kufika jikoni, "Mura, kuna mtu anaiba mwamba wangu upande wa kichuguu." Nikaendelea kukoroga uji kama vile sikusikia.

Mahindi yakapanda, kisha yakaanza kupauka. Maua ya zambarau yakachomoza chini yake.

"Angalau shamba linapendeza," mzee akasema.

Lakini mtu aliyezoea machimbo akiona kitu kimefuata mstari, hatulii. Aliona kwamba maua yalisimama palipo na mahindi tu. Nyuma ya kichuguu, nilikoiba, hapakuwa na hata ua moja. Akazunguka mara kadhaa, mikono mgongoni. Mwisho akaenda kuchukua sururu.

Alichimba taratibu kufuata ua lilikotoka, akibandua udongo kwa vidole. Alipotoa bonge zima, alilitia kwenye karai la maji na kulizungusha, kama anavyosafisha mchanga wa dhahabu. Udongo ukaondoka, mizizi ikabaki: mzizi wa kiduha umeuganda mzizi wa hindi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Mama! Njoo uone!" akaniita kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilikimbia. Nilipofika, aibu ikatushika sote. Akageuka huku na huku kumtafuta jogoo, hayupo. Akainamia karai.

"Karai, mwambie mama wa wajukuu wangu kwamba mwizi nimemkamata, mali ameikumbatia."

"Karai," nikasema, "mwambie baba kwamba maua hayajaweka mbegu. Tukiwahi, shamba litapona."

Kesho yake alikuja na wenzake wa machimboni, kila mmoja na sururu begani. Mmoja wao, wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, akaniuliza, "Sasa mathe, dhahabu iko wapi hapa?" Kabla sijajibu walianza kuchimba kila hindi kama shimo la choo, na karanga zangu zikaruka pamoja na udongo.

Hao hawakuwa wakwe zangu, kwa hiyo niliwapigia kelele usoni. "Wekeni sururu chini! Huu si mwamba!" Nikainama nikawaonyesha, na nikiri kwamba walijifunza haraka, vijana wale walikuwa na mikono mizuri, walikosa tu mtu wa kuwaeleza. Tuling'oa mahindi, tukang'oa na kiduha, tukakichoma moto. Jioni, walipokuwa wakitoka shambani, mzee alisimama njiani na kuwapekua mifuko. Ndivyo alivyozoea machimboni.

Karanga hazikujaa magunia niliyotarajia. Lakini mwaka uliofuata mahindi yalisimama wima sehemu kubwa ya shamba, na watoto walikula ugali wetu. Kwenye kipande cha mwisho, alichokilinda zaidi mzee, kiduha kilichungulia tena, tukakirudishia karanga.

Nawe ukipanda karanga au maharage mahali palipokuwa na nafaka, pita kila mstari mahindi yaliyojiotea yakiwa bado hayajafika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Shika kila shina chini kabisa, bana karanga ya jirani kwa mkono mwingine isije ikafuata, vuta taratibu mpaka mizizi yote itoke, ukung'ute udongo, na hindi hilo ulipeleke kwa mbuzi siku hiyohiyo.