Kaburi la Shamsa katika Bustani ya Mtangazaji

Habari ya kufukuzwa kwa Anord Shekolowa ilimfikia Salimu Hamza akiwa juu ya ngazi, akipogoa mipeasi katika bustani ya huyo huyo Anord, mlimani juu ya Gare. Mkewe, Mwanahamisi, alitoka jikoni ameshika simu, akamsomea tangazo fupi la kituo cha televisheni: mtangazaji wetu hatakuwa nasi tena, tunamtakia kila la heri. Salimu hakushuka. Alimaliza tawi alilokuwa ameanza, ndipo akauliza:

“Na nyumba?”

“Nyumba gani?”

“Hii. Ataiuza?”

Waligeuka wote wawili wakatazama upande mmoja, chini ya ukuta wa mawe, penye nyasi tupu. Hapo ndipo alipolala binti yao, Shamsa.

Anord alijulikana nchi nzima kwa kipindi chake cha jioni katika kituo kimoja cha kebo cha Dar es Salaam. Alikuwa na desturi ya kutaja watu kwa majina, kuwatuhumu kwanza na kuwauliza baadaye. Wapo waliomwita mtetezi wa wanyonge, wapo waliomwita mchafuzi wa majina ya watu, na wote walimtazama. Kipindi hicho kilimpa magari, viwanja, na nyumba hii ya madirisha mapana aliyoijenga nyumbani kwao milimani, ambako alikuja kulala mara chache kwa mwaka. Kilichomwangusha ni mjane mmoja wa mfanyabiashara, ambaye Anord alisema hewani kwamba alimpa mumewe sumu. Mjane alikwenda mahakamani, wenye matangazo ya biashara wakajitoa, na wenye kituo wakaamua kubaki na kituo chao.

Salimu alikuja Gare kutoka Mlalo akiwa kijana, kuponda mawe ya msingi wa nyumba hiyo. Nyumba ilipokwisha wenzake walilipwa wakaondoka. Yeye aliambiwa abaki, aangalie. Alioa akiwa hapo, na Shamsa alizaliwa katika chumba cha uani. Mtoto huyo alifariki kwa kichomi akiwa darasa la tatu, wakati wa masika makubwa. Mlima ulikuwa umeporomoka ukafunika njia ya kushukia makaburi ya Waislamu bondeni, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika. Salimu alimpigia bosi wake simu. Anord, kwa maelezo ya mume na mke pia, hakusita hata kidogo.

“Mzike hapo hapo bustanini, Salimu. Si mtoto wa nyumbani huyo?”

Shehe alivuka maporomoko kwa miguu, tope likimfika magotini. Jirani wa karibu, Nathanaeli, Mlutheri mwenye shamba la kabichi ng'ambo ya kijito, alikuja na jembe lake akasaidia kuchimba. Mwanahamisi, kama ilivyo kwa wanawake wa dini yake, hakwenda kaburini. Alisimama dirishani.

Katika milima hii kaburi si la maiti peke yake. Mtu akimzika wake mahali, ameiambia ardhi kwamba yeye ni wa hapo. Ndugu zake watapita kufyeka nyasi, na siku moja watataja haki ya mgomba, kisha ya kiwanja. Salimu alilijua hilo vizuri, tena alijijua kuwa mgeni na mwajiriwa. Kwa hiyo hakuweka jiwe kichwani wala miguuni. Hakupanda ua. Udongo uliposhuka aliusawazisha, nyasi zikaota juu yake kama zilivyoota kwingine.

“Sikutaka aje kusema nimelipa wema wake kwa kumnyang'anya ardhi,” ndivyo anavyoeleza. Mwanahamisi yeye anasema aliomba angalau jiwe moja, na alinyimwa.

Miezi michache baada ya Anord kufukuzwa, nyumba ilipata mnunuzi, mama mmoja wa Arusha aliyetaka kuigeuza nyumba ya wageni. Alimtanguliza msimamizi wake, Yusufu, akiwa na vibarua aliowachukua hapo hapo Gare. Kazi ya kwanza ilikuwa kukata mteremko ulio chini ya ukuta wa mawe, ipatikane sehemu ya kuegesha magari.

“Hapo kuna kaburi,” Salimu alimwambia.

Yusufu alitazama nyasi. “Liko wapi?”

“Hapo.”

“Mzee wangu, mimi naona majani. Mwenye nyumba amemhakikishia mama kwamba eneo hili halina kaburi lolote. Au unataka upewe chochote ndipo uondoke?”

Mwenyekiti wa kitongoji alimsikiliza Salimu kwa heshima, akamwambia alete mtu aliyekuwepo kwenye mazishi. Shehe alikwishafariki. Mke hakuwepo kaburini, dirisha halihesabiki. Walibaki wawili tu wa kusema: Anord, aliyetoa ruhusa, na Nathanaeli, aliyechimba.

Anord alikuwa ameacha kupokea simu za watu wengi. Salimu alimpigia asubuhi, mchana na jioni, mpaka siku moja, pengine kwa bahati mbaya, akapokea.

“Shikamoo, bosi.”

“Marahaba. Salimu, sina nafasi.”

“Neno moja tu, bosi. Mwambie mama yule kwamba Shamsa yuko pale. Neno moja.”

“Unajua nikisema hivyo kutatokea nini? Ataghairi kununua. Nani ananunua kaburi? Mimi sasa nina kesi, sina kazi, nyumba hii ndiyo pumzi niliyobaki nayo. Unataka nife?”

“Sitaki ufe, bosi. Nataka mwanangu asipigwe jembe.”

“Basi mhamishe kimyakimya.”

“Kimyakimya vipi? Mchana kuna vibarua. Usiku nikachimbe maiti kama mchawi?”

Simu ilikatika, na tangu hapo namba ile haikupatikana tena.

Kwa Nathanaeli ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu huko Salimu alikuwa na deni la aibu. Miaka miwili kabla, Anord alitoa kipindi kizima juu ya wezi wa mbao wa msitu wa serikali. Wapiga picha walisimama katika bustani yake wakaelekeza kamera ng'ambo ya kijito, kwenye rundo la mbao uani kwa Nathanaeli. Zilikuwa mbao za migrevilia, miti aliyoipanda mwenyewe shambani. Hata hivyo jina lake lilitajwa, alichukuliwa hadi Lushoto, akalala mahabusu mpaka watu wa misitu walipokuja kuvitazama visiki shambani kwake. Aliyewafungulia wapiga picha geti ni Salimu.

Alimkuta akipakia kabichi kwenye magunia, mkewe Scholastica akishona midomo ya magunia hayo kwa kamba.

“Karibu, mlinzi wa televisheni,” Nathanaeli alisema bila kuinua kichwa. “Umekuja na kamera leo?”

“Nimekuja mwenyewe, ndugu yangu.”

“Ahaa. Leo ni ndugu.”

“Baba Eliya, msikilize mwenzio,” Scholastica alimwambia mumewe.

Salimu alimweleza. Nathanaeli alifunga gunia, akafungua jingine. “Mimi ni mwizi wa mbao, bwana. Nchi nzima ilitangaziwa. Neno la mwizi litamsaidia nini mtoto wako? Na hata hivyo Jumatatu nimeandikishwa kibarua kwa Yusufu. Watoto wangu wanakula.”

“Ulimshika mikononi, Nathanaeli. Wewe ndiwe uliyenipokea kaburini.”

“Nilimshika,” alijibu. “Na wewe ulishika geti.”

Jumatatu vibarua walianza kukata mteremko kutoka upande wa juu. Salimu alitembea mbele yao akionyesha: hapa, hapana, labda hapa. Mpeasi aliouwekea alama moyoni ulikuwa umekatwa zamani kwa amri ya Anord mwenyewe, na bila mti ule mteremko wote ulifanana. Watu walianza kutazamana. Mmoja alisema mzee amechanganyikiwa. Ndipo Mwanahamisi alipotoka uani, akapita katikati ya majembe, akaketi chini kwenye nyasi.

“Mama, ondoka,” Yusufu alisema.

“Sijui ni hapa kabisa au ni pale. Lakini nyumba yake haiko mbali na nilipokaa. Chimbeni mnizunguke.”

“Nitaita polisi.”

“Ita. Na umwite Anord pia, aje anitoe yeye.”

Yusufu alimpigia mnunuzi. Yule mama hakuwa mtu mbaya; alichoka tu na maneno ya kaburi yasiyokwisha, na akaamua yamalizwe mbele ya wote. Alimwita Anord kwenye simu hiyo hiyo. Yusufu akaongeza sauti, akainua simu juu. Sauti ambayo kila kibarua pale aliizoea kutoka kwenye televisheni ilisikika mteremkoni.

“Bwana Shekolowa,” mnunuzi aliuliza, “jibu ndiyo au hapana. Mtoto wa mlinzi wako amezikwa hapo?”

“Mama, hawa watu wa kijijini...”

“Ndiyo au hapana?”

Anord alikohoa. “Sina kumbukumbu ya mtoto huyo.”

Salimu aliketi chini kando ya mkewe, akafunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyecheka. Nathanaeli, aliyekuwa mwisho wa mstari, aliliacha jembe likaanguka akaja mpaka kwenye simu.

“Mimi ninayo,” alisema, akiinamia simu kana kwamba kiziwi yuko ndani yake. “Mimi Nathanaeli, yule mwizi wako wa mbao. Nilichimba mimi. Nilikata mwanandani, pale pa kumlazia, upande usio wa kibla kwa kutojua, shehe akanigombeza mbele ya Salimu, nikaanza upya nikagonga mwamba. Mwamba huo hapo, chini ya guu la Yusufu. Mtoto yuko kushoto kwake. Sasa nitangaze tena.”

Kisha mnunuzi akasema kwamba yeye hatajenga juu ya mtoto wa mtu, lakini hatalala na kaburi pia. Wachukue kibali, wamhamishe, kazi isimame mpaka hapo. Na mlinzi, aliongeza, atafute pa kukaa.

Mwenyekiti alishughulikia kibali. Shehe mpya alikuja akasimamia, vibarua wakazungushia shuka, na Nathanaeli akachimba peke yake, taratibu, jembe akiliweka kando alipokaribia na kutumia mikono. Kilichopatikana kilikuwa kidogo mno. Udongo huu mwekundu na mvua za miaka mingi haviachi kitu. Kilifungwa katika sanda mpya, kikawekwa juu ya jeneza la msikiti, ambalo ni la mtu mzima.

Msafara ulishuka kuelekea makaburi ya bondeni kwa njia ile iliyokuwa imefunikwa siku ile ya mvua. Kwa desturi wanaume hupokezana jeneza ili mabega yapumzike. Safari hii hakuna bega lililochoka, lakini walipokezana hivyo hivyo, Waislamu na Walutheri, wengine wakipita mbele haraka ili zamu iwafikie kabla ya bonde. Mwanahamisi aliishia kwenye kijito, kama inavyompasa. Scholastica alisimama naye, wakatazama mpaka msafara ulipopinda.

Jioni Salimu aliporudi, vyombo vyao vilikuwa nje ya geti, vimefunikwa turubai, na geti limefungwa kutoka ndani.